Jina la Mkwe kwenye Dirisha la Bima

Mama yangu na mume wangu waliishi nyumba moja ya kupanga hapa Mbinga bila kuonana uso. Sisemi kwamba walikuwa wamegombana. Walipendana kuliko wakwe wengi ninaowajua, na ndiyo sababu hasa hawakuonana. Kwetu, ng'ambo ya ziwa, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani machoni, hawali sahani moja, na hakuna anayelitaja jina la mwenzake. Aibu hiyo huondolewa siku mjomba wa mume anapomleta kuku wa kufungua njia. Wazee hula, hucheka, na tangu hapo watu husalimiana kama watu. Mjomba wa mume wangu alifariki kabla hajamleta kuku huyo. Aliyemrithi akawa anaahirisha kila baada ya mavuno, mpaka sisi tukapanda boti kuja Mbamba Bay, na aibu yetu tukaja nayo pamoja na magodoro.

Kule nyumbani mama alikuwa na nyumba yake, kwa hiyo mila haikumsumbua mtu. Mbinga tulipata vyumba viwili, sebule ya kugeuzia mgongo na ua wenye jiko la mkaa. Mume wangu akirudi kazini alianza kukohoa akiwa bado barabarani, na mama akisikia kikohozi hicho alijitanda kitenge na kuingia chumbani kwake. Mama akiwa uani, aligonga sufuria kwa mwiko, mume wangu akajua njia ina mtu, akasubiri. Wakitaka kuzungumza, walizungumza na sufuria.

“Sufuria, mwambie baba watoto mkaa umekwisha,” mama alikuwa akisema, bila kugeuka.

Kutoka sebuleni mume wangu alikuwa akijibu, “Mwambieni mama mkaa utakuja jioni.”

Sufuria haikusema kitu, na mkaa ulikuja. Mama mwenye nyumba, Mmatengo wa hapa hapa mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, alituambia kwamba na wao wana heshima ya ukwe, lakini hii yetu ilikuwa imezidi kiasi. Mimi niliyeishi katikati yao nilikuwa na siku za kucheka na siku za kutamani kuipiga ile sufuria teke.

Mume wangu ni fundi wa mitambo ya kukoboa kahawa. Kampuni iliyomwajiri iliwakatia wafanyakazi wake bima ya afya kwenye kampuni binafsi, jambo ambalo sisi hatukuwahi kuwa nalo. Kwetu ugonjwa ulijulikana njia zake: kwanza jirani mwenye majani, kisha vidonge vya dukani, kisha zahanati ya misheni, na mambo yakizidi, mbuzi anauzwa. Sasa tukaambiwa tutapewa kadi zenye picha zetu, na kwamba mwanachama anaweza kuandika wategemezi wake: mwenza, watoto, na mzazi mmoja, awe wake au wa mwenza. Wazazi wa mume wangu walikuwa wameshatangulia. Alimwandika mama yangu, na hakumwambia mtu.

Kadi zilipofika, aliiweka ya mama juu ya mfuniko wa sufuria, akakohoa, akatoka zake. Mama aliichukua akaisogeza karibu na pua, maana macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti.

“Huyu ni mimi?”

“Ni wewe.”

“Nani kaniandika?”

“Baba watoto.”

Aliigeuza ile kadi upande huu na huu. Kwetu mama mkwe hupewa kitenge, hupewa chumvi, hukatiwa kuni na kulimiwa shamba. Sijawahi kusikia mtu aliyepewa alichopewa mama siku ile. “Amebeba ugonjwa wangu kabla haujaja,” alisema. Kisha akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka chini ya nguo zake, akakataa kabisa kuitumia. Kwa maoni yake, kulipia ugonjwa ambao hujaupata ni kumtandikia mgeni kitanda, atafika tu.

Aliyetufundisha bima ni binti yetu wa pili. Tulitoka kwenye joto la ziwa tukaja kwenye ukungu na baridi ya milimani, na kabla hatujazoea kuvaa masweta, mtoto akapata pumu. Hapo ndipo tulipojua kwamba kadi ni kama ufunguo: unafungua milango fulani, na kwenye mingine unauzungusha mpaka mkono uchoke. Hospitali hii inaipokea, ile haiipokei. Dawa hii ya kuvuta imo, ile iliyomsaidia mtoto mwezi uliopita imetolewa. Mtandao ukikatika, unakaa kwenye benchi na mtoto anayehema mpaka urudi. Ukipiga simu makao makuu, sauti nyororo inakwambia ubonyeze moja, ubonyeze mbili, na salio lako linakwisha kabla hujafika kwa binadamu.

Mimi nina hasira za karibu. Mara ya kwanza nilimgombeza kijana wa dirisha la bima mpaka foleni nzima ikanipisha. Mume wangu hakugomba. Alimwendea yule kijana siku nyingine, akaegemea dirisha kama anavyoegemea mashine, akamuuliza, “Bwana mdogo, hii kitu ikikwama, huwa inakwamia wapi?” Kijana, ambaye nadhani hakuwahi kuulizwa swali hilo, alicheka, akamweleza yote. Hukwamia kwenye kadi isiyohuishwa, hukwamia kwenye dawa isiyo kwenye orodha, na mahali inapokwama kuliko pote ni kwenye idhini, pale matibabu yanapokuwa makubwa na kampuni inataka kwanza kujiridhisha. Tangu siku hiyo dawa ya mtoto haikutusumbua tena. Nilimtazama mume wangu akitembea kwenye korido za hospitali ya ugenini, Kiswahili chake kikiwa bado kinachechemea, na nikaona fahari ambayo sikumwambia.

Macho ya mama yalizidi kuwa mabaya. Mama ni mshonaji wa mkono. Vitambaa vya altare vya kanisa letu kule nyumbani alivitarizi yeye, na hapa Mbinga aliwashonea majirani nguo zilizochanika. Uzi alikuwa akitungiwa na binti yetu. Siku moja alimrudishia mama mwenye nyumba blauzi aliyoomba iwekwe kifungo, na mfuko wa blauzi ukawa umeshonwa mdomo. Mama mwenye nyumba alicheka kicheko chake chote, mpaka alipoona mama hacheki. Kesho yake mama alitoa kadi kwenye kitambaa, akasema, “Haya, twende kwa huyo mgeni.”

Daktari alimwangalia kwa taa akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limeiva. Upasuaji wake hauna ukubwa wa kutisha, alisema, ataona tena. Mama alimfanya arudie hayo maneno. Kilichobaki ilikuwa idhini, kwa hiyo tukaenda dirishani, binti yetu akiwa amemshika bibi yake mkono.

“Bibi, mwanachama mkuu ni nani wako?” kijana wa bima aliuliza.

“Mkwe wangu.”

“Anaitwa nani?”

Mama akanigeukia. Nikafungua mdomo, kijana akaninyooshea kiganja. “Siyo wewe, dada. Kwa mzazi, utaratibu unataka mgonjwa aseme mwenyewe.”

“Ni mume wa mwanangu,” mama akasema.

“Sawa. Mume wa mwanao anaitwa nani?”

“Baba wa wajukuu zangu.”

Nyuma yetu foleni ilianza kucheka. Nikaeleza mila yetu kwa sauti ya chini, na kijana akasikiliza kwa adabu. Alikuwa ametoka mkoa wa mbali. “Nakuelewa, dada,” alisema, na alikuwa hajaelewa, “lakini humu kwenye mfumo mila haina pa kubonyeza. Mwite mwanachama mwenyewe.” Siwezi kumlaumu. Watu walikuwa wakiazimana kadi kama wanavyoazimana ungo, na yeye ndiye aliyewekwa pale kuwakamata.

Mume wangu alikuja na grisi mikononi. Alipofika mlangoni alikohoa. Mama akasikia, akajitanda kitenge mpaka kwenye pua na kugeukia ukutani, uso kwa uso na bango la kunawa mikono. Mume wangu akaona kitenge, papo hapo akageuka na kusimama akitazama nje. Kijana wa bima aliinuka kwenye kiti apate kuiona vizuri ile migongo miwili.

“Nyie mnajuana au hamjuani?”

“Namheshimu sana,” mume wangu alijibu, akiuelekea uwanja.

Kwetu hilo ni jibu kamili. Kwa bima lilikuwa jibu baya kuliko yote ambayo angeweza kuyatoa. Kijana alituita pembeni, mimi na mume wangu, akatuambia kwa upole kwamba imembidi atoe taarifa. Afisa wa kampuni ya bima atakuja kutoka Songea kutuhoji. Akiona tumemwandika mtu baki kwa jina la mzazi, kadi za familia nzima zitafungwa. Akasisitiza neno “nzima” huku akimtazama binti yetu, ambaye alimjua kwa jina kwa jinsi tulivyozoeana naye.

Tulipofika nyumbani niliwaka. Niliwaambia wote wawili, mmoja akiwa uani na mwingine sebuleni, kwamba nimechoka kuwa daraja, kwamba ziwa lote lile tulilovuka hawakuona mahali pa kuitupa hiyo aibu, na kwamba kuku ni kuku, hata Mbinga wapo.  Baadaye mwiko uligonga sufuria.

“Sufuria, mwambie baba watoto anitoe kwenye hiyo bima. Macho haya yameona ya kutosha.”

 Mume wangu akakohoa sebuleni. “Mwambieni mama, kumtoa sasa ni kukiri kwamba tuliiba. Na mwambieni asiwe na wasiwasi, hatalazimishwa kutamka neno lolote. Wakizifunga kadi, dawa ya mtoto nitaitafutia njia.”

Nilimfuata ndani kumuuliza, njia ipi? Hakuwa na njia, alijua, na alijua kwamba ninajua. Hakunituma nikambembeleze mama, wala hakulalamika kwamba kazi yake nayo iko mashakani. Nilimkasirikia na nikampenda kwa wakati mmoja, kwa kiasi kwamba ilinibidi nitoke nikafue nguo ambazo hazikuwa chafu.

Siku zilizofuata ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha, na kifua cha binti yetu kikaanza kupiga filimbi. Mama alimkalisha mapajani na kumsugua mgongo, akihesabu kwa vidole mbavu ambazo macho yake hayakuziona sawasawa.  Mama akinyamaza hivyo, hata mama mwenye nyumba hupunguza kicheko.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na sweta zito. Alituweka kwenye chumba kidogo cha hospitali chenye benchi moja refu, akamwamkia mama, “Shikamoo mama,” na mama akaitikia marahaba kupitia kitenge. Mama alikaa upande mmoja wa benchi akitazama dirisha. Mume wangu alikaa upande wa pili akitazama mlango. Migongo yao ilikaribia kugusana. Mimi nilisimama na binti yetu begani, amejifunika, anahema kwa sauti.

Mume wangu alihojiwa kwanza, akaeleza yote, hata habari ya mjomba na kuku. Afisa alisikiliza, kisha akamgeukia mama.

“Mama, nimesikia. Lakini mimi nikirudi Songea lazima niseme kwamba mgonjwa anamfahamu mwanachama. Niambie jina lake tu, yaishe.”

Mama alikikaza kitenge puani.

“Mama, usiponiambia, nitaandika kwamba hamfahamiani. Kadi zote zitasimama. Hata ya huyu mtoto.”

Mume wangu aliuambia mlango, “Mwambieni mama asiseme. Tutakwenda nyumbani.”

Binti yetu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kile kinachoishia kwenye filimbi. Mama akasimama. Alibaki amelielekea dirisha, akakishusha kitenge kutoka puani mpaka mabegani, na akalitaja jina la mume wangu.

Alilitaja la ubatizo, akalitaja la nyumbani, akalitaja la baba yake na la babu yake na la kijiji walikozikwa. Mimi silitaji hapa. Aliyekuwa na wajibu wa kulitaja alishaumaliza. Mikono yake ilikuwa imezishika kingo za dirisha.

“Umetaka jina,” akaendelea, “sasa chukua na mengine, usije ukarudi tena. Ana kovu kwenye kisigino cha kushoto. Alijikata na jembe akilima shamba langu, mwaka alipoposa. Viatu vyake huanza kuisha upande wa nje. Chai ananywa kavu, tangu tulipokuja hapa, ili sukari iwatoshe watoto, na anadhani sijui. Akiwa na huzuni hukohoa mara moja. Akiwa na furaha hukohoa mara mbili. Uso wake siujui. Ukitaka habari za uso, muulize mwanangu.”

Kisha akajitanda tena kitenge na kukaa.

Mume wangu alikuwa ameinama, mikono yake yenye weusi wa mashine imefunika uso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Katika miaka yetu yote ya ndoa sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mjomba wake. Nililia na mimi, na sikuona haya. Afisa aliivua miwani akaifuta kwa sweta, ikazidi kuwa na ukungu.

“Mama,” alisema hatimaye, “mimi ninaye mkwe, namwona kila Jumapili. Simjui hivyo.”

Idhini ilitoka. Lakini mama hakuwa mtu wa kuvunja mwiko akaenda zake. Aliyevunja hulipa, alisema, na hapa hakuna mjomba wa kumsubiri. Alimnunua jogoo kwa pesa zake za ushonaji, akamfunga miguu, akamweka pembeni ya sufuria. “Mwambieni baba watoto, hii ni faini yangu.” Mume wangu alimpokea kwa mikono miwili, akiwa amepiga magoti nyuma ya mlango. Hakukubali achinjwe. Alimfungua kamba, akamwachia ua, na jogoo yule akawa bwana wa nyumba, akituamsha sote mapema kuliko tulivyopenda. Mama mwenye nyumba aliuliza kama sasa wameonana. Hawakuwa wameonana. Jogoo alikuwa wa faini, si wa kufungua njia, na wote wawili walijua tofauti yake.

Mama alipasuliwa jicho la kulia. Muuguzi alimfungua bandeji kesho yake, na mimi nilikuwa nimemshika mkono. Alipepesa. Alitazama shuka, akatazama vidole vyangu, akaniambia nimekonda. Alitazama dirisha, akauliza kama zile nyekundu kule mlimani ni kahawa zilizoiva. Zilikuwa ndizo. Kisha macho yake yakaenda mlangoni.

Mume wangu alikuwa amesimama pale, ametupa mgongo kama kawaida, akisubiri kuambiwa. Hakuthubutu kuuliza. Mama alimtazama kwa muda mrefu, akaanza kwenye visigino, akapanda taratibu mpaka mabegani.

“Hilo shati,” alisema, “limechanika hivyo tangu lini?”

Mimi sikujua. Nililala naye kitanda kimoja na sikuwa nimeona. Lilikuwa limechanika chini ya bega, mahali ambapo bila shaka mashine ililikamata, na mtu alikuwa amelibana kwa pini.

Daktari alimkataza mama kuinama na kukaa penye moshi. Habari za sindano hakusema, na mama hakumuuliza. Tulipomfikisha nyumbani aliketi kwenye mwanga wa mlango wa uani, akaomba kikapu chake. Binti yetu alikimbilia uzi, kama alivyozoea. Mama akamrudisha kwa kiganja. Aliulowesha uzi mdomoni, akaishika sindano mbali na uso, akakosa, akatukana kidogo kwa Kinyasa, akajaribu tena. Uzi ukapita.

“Mwambieni baba yenu avue hilo shati,” alisema.

Shati lilitupwa kutoka sebuleni likaangukia sufuria. Mama alilikunjua magotini na kuanza kushona, mishono midogo ya vitambaa vya altare, huku mume wangu akiwa ndani kifua wazi katika baridi ya Mbinga. Alipoona kazi inachukua muda, alikohoa kuuliza. Alikohoa mara mbili.

Mama hakuinua kichwa. Alikata uzi kwa meno, akaligeuza shati upande wa pili.

“Mwambieni asubiri,” alisema. “Kola nayo nimeiona.”